Massey Ferguson 135 ya Urithi: Isome Kwanza, Ndipo Uifungue

Mtu akirithi trekta iliyolala bandani miaka mingi, jambo la kwanza analofanya ni kwenda kuazima betri. Nakuomba usifanye hivyo. Betri ije mwisho. Trekta ambayo hujaijua, ukiizungusha kwa nguvu, unaweza kuvunja ringi za pistoni zilizoshikwa na kutu, kuua pampu ya dizeli iliyojaa maji, au kuharibu kitu ambacho kingetengenezwa kwa kopo la mafuta na subira.

Yetu ni Massey Ferguson 135. Iko Muheza, upande wa Ngomeni, na baba aliinunua shamba moja la mkonge lilipokuwa linauza mitambo yake ya zamani. Alilimia mahindi na muhogo, akabebea machungwa ya majirani kwa tela, mpaka alipougua ikabaki chini ya mwembe, kisha bandani. Alipofariki, wanunuzi wa chuma chakavu walikuja kabla hatujamaliza arobaini. Trekta hii ina uzito wa takriban tani moja na nusu, na wao walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya kilo. Leo inalima. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya binti au kijana wa Korogwe, Pangani, Handeni au Bagamoyo ambaye naye ana chuma cha baba yake kinamtazama.

Kwanza makaratasi

Trekta ya marehemu si yako kwa sababu tu funguo unazo wewe. Kaeni kikao cha familia, muandike muhtasari, mtafute cheti cha kifo, na msimamizi wa mirathi ateuliwe Mahakama ya Mwanzo au mahakama nyingine inayohusika. Itafuteni kadi ya usajili: ndani ya Msahafu, ndani ya kasha la shuka, popote alipokuwa akiweka vitu vya thamani. Namba za chasi na injini zilizo kwenye kadi zilinganishwe na zile zilizo kwenye chuma chenyewe. Zikitofautiana usiogope mara moja, kwa maana injini hubadilishwa, lakini uliza mapema wakati wazee wanaojua habari wangali hai. Mimi na kaka yangu tuliandikiana kabla ya kununua hata filta moja: nani anatoa fedha, italima mashamba ya nani kwanza, na ikiuzwa nani anapata nini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na trekta hugombanisha ndugu haraka kuliko kiwanja, maana kiwanja hakinywi dizeli.

Kuisoma trekta

Hapa ndipo ninapotaka utulie. Trekta yenye umri wa miaka hamsini na zaidi, hasa iliyopita kwenye karakana ya shamba la mkonge, mara nyingi si trekta moja. Boneti imetoka huku, ekseli ya mbele imetoka kule, injini imetolewa kwenye mwenzake aliyekufa. Mafundi wa mashamba walikuwa hodari, na kazi ilikuwa lazima itembee. Kwa hiyo usinunue spea kwa kusoma jina lililo kwenye boneti. Soma kila sehemu peke yake.

Anza na umbo. Boneti ya mviringo, iliyoinama mbele kama ya zile Ferguson ndogo za kijivu, ni dalili ya MF 35 au ndugu zake. Boneti yenye kingo zilizonyooka na grili ya mraba ni ya familia ya 100, nayo ndiyo 135, 165 na wenzao. Ferguson ya kijivu, TE20, ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956. MF 35 ikafuata, na 135 ikatoka mwishoni mwa 1964 na kuendelea kutengenezwa kiwandani hapohapo Banner Lane, Coventry, mpaka miaka ya 1970. Ukiona ya buluu, uko kwenye ukoo mwingine: Fordson au Ford, kama Ford 3000, na sehemu kubwa ya vipimo vya hapa havitakufaa, ingawa utaratibu utakufaa.

Kisha hesabu mabomba membamba ya chuma yanayotoka pampu ya dizeli kwenda juu kwenye nozeli, vile vipulizio vya dizeli. Matatu maana yake silinda tatu. Manne, silinda nne. MF 135 ya dizeli kutoka Coventry inakuwa na Perkins ya silinda tatu, inayoitwa AD3.152. Hiyo 152 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo, yaani kama lita 2.5. Kipenyo cha silinda ni milimita 91.4 na mwendo wa pistoni ni milimita 127. Andika namba hizo kwenye daftari, maana dukani utaulizwa. MF 165 ni ndefu zaidi na ina silinda nne. MF 35 za dizeli za mwanzo nazo zilikuwa na injini ya Standard ya silinda nne, iliyosifika kwa ugumu wa kuwaka asubuhi ya baridi. Ile ya Perkins ya silinda tatu ilianza kufungwa mwishoni mwa 1959, mwaka uleule Massey Ferguson walipoinunua kampuni ya Perkins.

Sasa tafuta bati la namba eneo la deshibodi, mbele ya usukani. Usilikwangue kwa brashi ya waya. Lisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, halafu paka chaki na ufute juujuu. Chaki itabaki ndani ya namba zilizogongwa. Kwa 135 za Coventry, namba za tarakimu sita zinazoanza na 4 ni za kuanzia 1971. Namba ya injini imegongwa kwenye bloku yenyewe, ubavuni karibu na pampu ya dizeli, na kwa injini hizi mara nyingi inaanza na 152. Kama bati la deshibodi limeng'oka, namba ya bloku ndiyo shahidi wako.

Ekseli ya mbele nayo ina maneno. 135 za awali nyingi zina ekseli iliyopinda kurudi nyuma na madigadi ya mviringo. Za miaka ya 1970 nyingi zina ekseli iliyonyooka na madigadi bapa juu. Bushi zake, kingpini na mikono ya usukani vinaweza kutofautiana, kwa hiyo piga picha, pima, na ukienda mjini Tanga nenda na kipuri cha zamani mkononi. Kukieleza kwa maneno hakutoshi.

Angalia pia kama pembeni ya deshibodi kuna kiswichi kidogo cha Multi-Power. Trekta ya kawaida ina gia sita za mbele na mbili za nyuma. Yenye Multi-Power ina kumi na mbili za mbele na nne za nyuma, na unabadili kati ya juu na chini bila kukanyaga krachi. Nitairudia habari hii tutakapofika mlimani, kwa sababu ni habari ya uhai.

Ukikwangua rangi mahali pasipoonekana, kwa mfano nyuma ya kishikio cha betri, utaiona historia yake. Nyekundu ya kiwandani iko chini kabisa, juu yake rangi ya shamba, juu yake rangi aliyopaka baba kwa brashi. Kwenye yetu nilikuta pia singa za mkonge zimejisokota kwenye ekseli ya nyuma, ngumu kama kamba ya jahazi. Hilo si pambo. Singa hukata sili ya oili, na maji ya mkonge yana asidi inayokula chuma. Trekta iliyovuta matela ya mkonge, tazama sana sehemu ya kufungia tela na kingo za chini.

Jambo la mwisho la kusoma ni vichwa vya bolti. Mashine hii ni ya inchi. Spana namba 19 inakaa vizuri kwenye nati ya inchi ¾, kwa hiyo watu hudhani za milimita zinafaa zote. Lakini 13 kwenye nati ya nusu inchi inacheza, na nati iliyokaa na kutu itaviringika kingo. Azima au nunua seti ya inchi: 7/16, ½, 9/16, 5/8, ¾. Fedha hiyo haitapotea.

Injini isiyozunguka

Kabla ya kujaribu kuizungusha, fungua boneti mchana kweupe na ugonge kwanza kwa fimbo. Huku kwetu nyoka hupenda baridi ya chini ya tangi, panya hula waya, na nyigu hujenga udongo ndani ya bomba la moshi. Toa bomba la moshi ulichungulie. Toa bakuli la filta ya hewa, ile ya oili, umwage tope lililomo.

Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi ni kawaida. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Oili iliyopanda juu ya alama na yenye harufu ya dizeli mara nyingi inamaanisha ngozi ya pampu ndogo inayovuta dizeli imepasuka na dizeli inashukia chini. Vyovyote iwavyo, mwaga yote. Inachukua karibu lita 7.

Weka gia huru, toa nozeli zote tatu, ukiziwekea alama ya silinda yake. Usipindishe mabomba yake. Fungua ncha zote mbili na uyaondoe mazima, kisha funga kila tundu kwa kitambaa safi. Mimina ndani ya kila silinda vijiko vichache vya mchanganyiko wa dizeli na oili ya giaboksi za otomatiki. Acha. Kesho ongeza. Mafundi wa haraka watakuambia muivute kwa trekta nyingine huku iko kwenye gia. Kataa. Ringi iliyoshikwa hukatika, pistoni ikapasuka, na hapo umehama kutoka kazi ya kopo la mafuta kwenda kazi ya kuchonga laina, ile bomba ya ndani ya silinda.

Wakati mafuta yanapenya, toa kifuniko cha juu uangalie valvu. Gonga kila moja kwa kipande cha mbao na nyundo nyepesi; inapaswa kushuka na kurudi. Ikibaki chini, imeshika kutu. Ipake mafuta na uibembeleze mpaka irudi yenyewe, kwa sababu ukizungusha injini na valvu imeshuka, pistoni itaipiga.

Baadaye weka soketi kwenye nati ya puli ya mbele, na ujaribu kwenda mbele na kurudi, kidogo kidogo. Usilenge mzunguko mzima. Ikisogea upana wa kidole, shukuru, ongeza mafuta, irudishe. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa shamba la mkonge alikuja kututazama, nikamwamkia, akaweka mkono juu ya bloku akasema, "Mwanangu, usiilazimishe. Imelala, haijafa." Alikuwa na haki. Ikishazunguka mizunguko kamili bila kukwama mahali, hapo ndipo unaweza kupima mgandamizo. Kama haisogei kabisa baada ya wiki kadhaa za mafuta, toa silinda hedi. Perkins hii ina laina kavu zinazobadilishika, na kwa kuwa injini ya ukoo huu iliendelea kutumika kwenye MF 240, na pia kutengenezwa nje ya Uingereza, pistoni, ringi na laina zake bado zinapatikana. Hakuna sababu ya kukata tamaa na bloku nzima.

Dizeli, maji na upepo

Injini nyingi za namna hii zinazokataa kuwaka hazina ugonjwa mkubwa. Zimenyimwa dizeli safi.

Toa tangi lote, lililo juu ya injini. Mwaga yaliyomo, weka kokoto safi kidogo pamoja na dizeli, funga, likung'ute watu wawili, mwaga, rudia mpaka litoke safi. Lisichomelewe kwa namna yoyote kama halijasafishwa na mtu anayejua kazi hiyo. Mvuke wa mafuta ndani ya tangi huua. Badilisha filta zote na mipira yake. Safisha kikombe cha pampu ndogo. Nozeli zipeleke kwa fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia, maana kwa macho huwezi kujua kama zinapuliza ukungu au zinatema matone. Pampu kubwa, ya kampuni ya CAV, usiifungue mwenyewe hata kama una mikono mizuri. Ndani yake kuna vipande vilivyochongwa kwa ulaini ambao chembe ya mchanga inatosha kuviharibu.

Kutoa upepo kuna mpangilio. Jaza dizeli angalau nusu tangi. Legeza skrubu ya juu ya filta, piga kimkono cha pampu ndogo mpaka dizeli itoke bila povu, kaza. Kama kimkono ni chepesi na hakipigi kitu, ujue kamu, ile nundu ya ndani inayoisukuma pampu, imesimama vibaya: zungusha injini mzunguko mmoja kisha jaribu tena. Hamia pampu kubwa. Ina skrubu mbili, moja ubavuni, nyingine juu kwenye sehemu ya gavana, yaani kidhibiti cha kasi. Anza na ya ubavuni. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, zungusha kwa stata mpaka dizeli ichuruzike, ndipo ukaze. Usiweke kidole mbele ya dizeli inayotoka kwa shinikizo, kwani inaweza kupenya ngozi, na hilo ni jambo la hospitali siku hiyohiyo.

Maji nitapita upesi. Suuza radieta na bloku, fungua vibomba vya kutolea maji ya vyote viwili. Usitumie maji ya kisima chenye chumvi, na sisi wa pwani tunavijua visima vyetu. Weka dawa ya kuzuia kutu ingawa huku hakuna barafu. Na tafadhali usikubali fundi akutolee themostati "ili isichemke". Injini inayofanya kazi ikiwa baridi huchafua oili na kula silinda. Ikichemka, tafuta kinachoichemsha: radieta iliyoziba, feni yenye mkanda uliolegea, gasketi.

Krachi, breki, na oili ya nyuma

Trekta iliyokaa unyevuni krachi hushikamana. Kanyaga pedeli mpaka chini, izuie kwa kipande cha mbao, iache hivyo siku kadhaa. Baadaye, injini ikishawaka na kupata moto, watu wakiwa mbali na uwanja ukiwa wazi mbele, iweke gia kubwa, kanyaga krachi na ugusishe breki kwa ghafla. Mara nyingi huachia. 135 nyingi zina krachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu magurudumu yanasimama, ukikanyaga hadi mwisho PTO (shafti ya nyuma inayozungusha mashine za shambani) na pampu ya haidroliki nazo zinasimama. Wengi hulalamika kwamba plau hainyanyuki kumbe wameweka mguu wote.

Breki ziko nyuma, kila gurudumu na pedeli yake. Kabla ya kuinua upande wowote, kumbuka tairi za nyuma za mashamba mara nyingi zilijazwa maji ili kuongeza uzito. Ni nzito kuliko zinavyoonekana, na maji hayo, hasa yakiwa na chumvi, huozesha rimu kuanzia kwenye tundu la valvu. Weka magogo magumu chini ya ekseli. Usiamini jeki peke yake. Ukikuta ngoma ya breki imelowa oili, kubadilisha bitana peke yake ni kutupa fedha: sili ya ekseli ndiyo inayovuja, na singa za mkonge unazijua sasa.

Giaboksi, difu na haidroliki hutumia oili moja, kama lita 30. Mvua huingilia kwenye mpira wa gia uliopasuka na oili inageuka uji mweupe. Toa yote, fungua vizibo vyote vya chini, acha ichuruzike usiku kucha trekta ikiwa imeinamia upande. Weka oili ya trekta inayofaa giaboksi na haidroliki pamoja, ile yenye alama ya UTTO. Oili nzito ya difu haiendi hapa.

Haidroliki yenyewe ndiyo urithi wa mhandisi wa Ireland, Harry Ferguson: mikono mitatu ya nyuma inayoifanya trekta na plau kuwa kitu kimoja, na spring kubwa nyuma ya kiti inayohisi mvuto wa udongo na kuinyanyua plau kidogo inapokutana na ugumu. Shika ile pingili ya mkono wa juu uisukume na kuivuta. Isicheze. Ikicheza, trekta haihisi udongo na plau itaruka au kuzama. Kwenye udongo mwekundu wa Muheza utaiona tofauti mstari wa kwanza.

Umeme ni mfupi. Trekta za zamani za Kiingereza baadhi zilifungwa chanya kwenye bodi badala ya hasi. Fuata waya wa betri uliokuwepo kabla hujaweka mpya, na kama mtu alikwisha badilisha dainamo kuweka altaneta, hakikisha tena, kwa sababu altaneta iliyogeuziwa nguzo huungua papo hapo. Waya zilizoliwa na panya zibadilishe zote badala ya kuungaunga.

Kuiwasha

Kabla ya siku hiyo, rekebisha tapeti, yaani nafasi ya valvu: milimita 0.30 injini ikiwa baridi, kila valvu ikiwa imefungwa kabisa. Jaza oili mpya. Vuta kishikio cha kuzimia, zungusha kwa stata mpaka geji ya oili ipande, ndipo urudishe kishikio. Mkono wa gia ya juu na chini (si swichi ya Multi-Power) uwe katikati, kwa sababu hapo ndipo swichi ya usalama huruhusu stata. Huku pwani hutahitaji kupasha moto hewa. Lushoto mwezi wa saba utahitaji, kwa kugeuza ufunguo upande wa kupasha.

Mweke mtu mmoja mwenye akili timamu karibu na mdomo wa hewa, ameshika kipande cha ubao mpana. Pampu iliyokaa muda mrefu inaweza kukwama ikiwa wazi, na injini ikapanda kasi bila kusikia kishikio. Hapo dawa ni kuiziba hewa kwa ubao, kamwe si kwa kiganja.

Moshi mweupe mwanzoni, ukaisha: dizeli ilikuwa haijaungua vizuri, subiri. Mweupe usioisha wenye harufu tamu au maji yanayopungua radieta: gasketi. Buluu: oili, huenda ringi zitaachia baada ya kazi ya saa kadhaa. Mweusi: hewa kidogo au nozeli mbaya.

Yetu ilipowaka mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hakusema kitu. Alisimama pale kwenye kelele mpaka nilipozima, kisha akauliza kama tumekwisha kula.

Mlimani na barabarani

Sasa Multi-Power. Ukiwa kwenye upande wa chini wa swichi, injini haishiki trekta inaposhuka. Inaserereka kama baiskeli. Watu wa Amani, Bumbuli na Lushoto, sikieni: kabla ya kuanza kuteremka, weka upande wa juu na gia ndogo. Ukichelewa, una breki peke yake, na tela lililojaa nyuma yako.

Unganisha pedeli mbili za breki kwa kile kikomeo kila unapotoka shambani. Ukikanyaga moja barabarani, trekta inajipindua. Funga kinachovutwa kwenye sehemu ya chini ya kuvutia tu. Ukifunga mnyororo kwenye ekseli au mkono wa juu, magurudumu ya mbele huinuka na trekta hukulalia mgongoni kabla hujaufikia mguu wa krachi. Hizi za zamani hazina fremu ya kukulinda. Kama unaweza kuichongesha na kuifunga imara kwa fundi anayeelewa, fanya hivyo kabla ya rangi.

Shafti ya PTO huzunguka mara 540 kwa dakika. Kanga, kikoi, kanzu, mtandio: vyote vinashikwa. Rudisha kinga yake, na watoto wasipande madigadi hata wakilia.

Rangi nimeiacha nyuma kwa makusudi. Ikilima msimu mmoja bila kuvuja, ndipo usugue kwa brashi ya waya, upake rangi ya kuzuia kutu, kisha nyekundu. Hewa ya bahari hairuhusu kupaka juu ya kutu. Sisi tuliacha mkwaruzo mmoja wa kijani kwenye madigadi, rangi ya baba, kaka alipenda ubaki.

Ukitaka ilime masika, anza kuifungua Juni, mvua zikiwa zimepungua, ili spea za kuagiza Dar es Salaam zisikukute umebanwa. Baada ya saa kumi za kazi ya kwanza, kaza tena bolti za magurudumu na za silinda hedi kwa kipimo cha kitabu chake, pima tapeti upya, badilisha oili na filta, na utazame kwenye oili iliyotoka kama kuna unga wa chuma. Ukiuona unaomeremeta kwa wingi, izime hapo ulipo na umwite fundi kabla ya mstari mwingine.